Nataka kupandisha maisha yangu stejini kama Lemn Sissay, je nitapona au nitajiuza?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, nilizaliwa Uvira kule Kongo, nikafika Uingereza nina miaka 13 bila mzazi yeyote, nikalelewa na familia mbili za malezi ya kambo huku Leeds halafu mwaka wa mwisho nikamalizia hosteli. Naandika mashairi kwa Kiswahili na Kiingereza. Marafiki zangu wananisukuma nifanye shoo ya mtu mmoja kuhusu maisha yangu, wanasema mwangalie yule mshairi wa Uingereza, Lemn Sissay, kateseka, kasimulia, leo ana nishani ya OBE na kawa mpaka mkuu wa chuo kikuu. Nimeshaomba faili langu la malezi kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ili nipate cha kuandika, lakini tangu nimeomba usiku silali, nawaza humo ndani wameniandika nini. Je ni kweli maumivu ndo yanatengeneza mshairi? Na nikisimulia stejini nitapona, au nitakuwa najiuza tu?"*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa usingizi.

Nadhani hofu yako hasa siyo kama unaweza kuandika, maana mtu anayeenda kuomba makaratasi ya utoto wake ili aandike kitu cha kweli huyo tayari ana moyo wa mwandishi. Hofu yako ni kwamba umeambiwa mali yako pekee ni kidonda, na unaogopa ukishakifunua mbele za watu, wao watapiga makofi watapanda basi waende kwao, wewe utabaki nacho wazi. Hofu hiyo ina akili, usiidharau. Ila marafiki zako wamekusimulia Sissay nusunusu, wametoka kwenye mateso wakarukia kwenye OBE, na pale walipoparuka ndo kuna jibu la swali lako, kwa hiyo nivumilie nimweleze huyu bwana kwanza halafu ndo turudi kwako.

Kuna mambo mawili watu wanayakosea kila siku. Lemn Sissay hakutelekezwa na mama yake, na wala hakuasiliwa. Mama yake, Yemarshet Sissay, alitoka Ethiopia kuja kusoma Uingereza mwaka 1966, akawa mjamzito, akapelekwa kaskazini huko upande wa Wigan kwenye nyumba ya wasichana wenye mimba wasioolewa, mtoto akazaliwa Mei 1967. Wasichana wa hali ile walikuwa wanabanwa wasaini karatasi mtoto aasiliwe. Yeye aligoma kusaini. Alichotaka ni mtoto ashikwe kwa muda tu, maana alikuwa bado anasoma, tena baba yake mzazi huko Ethiopia alikuwa mgonjwa. Afisa ustawi aliyeshika kesi akampa mtoto jina lake yeye mwenyewe, Norman, akamkabidhi kwa familia ya kizungu ya Kibaptisti, wakina Greenwood wa Ashton-in-Makerfield, akawaambia wahesabu kama wameasili moja kwa moja. Mwaka 1968 mama akaandika barua akiuliza atampataje mwanae, kwamba anataka akue kwao na watu wake asije akabaguliwa ugenini. Ile barua ikaingia kwenye faili na ikakaa humo.

Alipofika miaka 12 wale walezi, ambao kwa muda huo walikuwa wamepata watoto wao wa kuzaa watatu, walimrudisha kaunsili na wakasema hawatawasiliana naye tena. Kuanzia hapo ni nyumba za watoto, nne, moja baada ya nyingine, na ya mwisho inaitwa Wood End ilikuwa na utaratibu wa jela ya watoto na yeye hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote. Alikuwa amejichora mkononi N.G., herufi za jina alilodhani ni lake, Norman Greenwood. Alipokuwa anatoka kwenye malezi ya serikali, miaka 17 hivi, ndo akaonyeshwa cheti cha kuzaliwa, jina Lemn Sissay, na ile barua ya mama. Kwa Kiamhari Lemn ni "kwa nini", na kitabu chake cha maisha kikaja kuitwa *My Name Is Why*. Akiwa na miaka 21 ndo akampata mama yake, huko Gambia ambako mama alikuwa anafanya kazi Umoja wa Mataifa. Baba yake alikuwa rubani wa shirika la ndege la Ethiopia na alishakufa kwenye ajali ya ndege miaka ya 70.

Basi. Hiyo ndo sehemu ambayo marafiki zako wanaijua, au wanaijua kwa juujuu. Sasa twende pale walipoparuka.

Kijana huyu anatoka kwenye mfumo hana familia, hana chuo, amepewa flati kwenye mtaa wa nyumba za kaunsili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua pesa ya wasio na ajira akachapisha kijitabu cha mashairi, *Perceptions of the Pen*, mwaka 1985, akaanza kukiuza mwenyewe mkono kwa mkono, wanunuzi wake wengine wakiwa ni familia za wachimba makaa ya mawe wa Lancashire ambao walikuwa kwenye ule mgomo mkubwa. Hebu fikiria kidogo. Watu wenye njaa ya mwaka mzima, wazungu wa migodini, ananunuliwa shairi na hao, na wale hawakuwa wananunua huruma kwa yatima, walinunua kwa sababu kijana alisimama akasoma na maneno yakawaingia. Halafu akaenda Manchester, akafanya kazi Commonword, ushirika wa uchapishaji wa jamii, pale kazi yake ikawa kuwalea waandishi weusi wengine. Mwaka 1988 kitabu chake *Tender Fingers in a Clenched Fist* kikatoka kwa wachapishaji Bogle-L'Ouverture wa London. Wasomaji wa huku kwetu hapa simameni kidogo, maana hao ndo walewale ambao mwaka 1972 walichapisha kitabu cha Walter Rodney cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kwa pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, Rodney akiwa mwalimu pale Mlimani. Kwa hiyo nyumba iliyompokea Sissay ilikuwa ya watu wenye msimamo na wenye jicho kali, siyo mahali pa kumpa mtoto zawadi ya pole.

1992 kikaja *Rebel Without Applause*. Miaka hiyohiyo ya 90 mwanzoni anaanza kuandikia jukwaa, michezo ambayo leo watu wachache wanaikumbuka, na ndo inavyokuwa, michezo ya kwanza ni ya kujifunzia. 1995 yumo kwenye albamu ya *Leftism* ya kundi la Leftfield, sauti yake inasoma juu ya muziki wa dansi. Anaandika mashairi ya kuta. Ukitoka Leeds ukapanda treni mpaka Manchester, shuka, tembea Oxford Road uangalie juu utaona shairi lake la mvua limepangwa maneno yanashuka kwenda chini kama mvua yenyewe, kule Rusholme aliandika lingine ubavuni mwa baa, Northern Quarter mengine yakawekwa chini kwenye njia ya miguu watu wakayakanyaga. London pale Fen Court kuna *Gilt of Cain*, nguzo za mawe za mchongaji Michael Visocchi zenye maneno ya Sissay, kumbukumbu ya kukomeshwa biashara ya watumwa, Desmond Tutu ndo aliyeizindua 2008, na ufundi wa shairi lile ni kwamba lugha ya soko la hisa na lugha ya Agano la Kale zimesukwa pamoja mpaka husemi huyu ni dalali au nabii. Kwa Olimpiki ya 2012 akapewa kazi akaandika *Spark Catchers*, habari za wanawake wa kiwanda cha viberiti cha Bow waliogoma mwaka 1888.

Unaona ninakokupeleka? Wachimba makaa, watumwa, wasichana wa viberiti, mvua. Mtu huyu alitumia miaka mingi kuandika juu ya wengine na juu ya mji, na kila kazi ikamfundisha mkono. Shoo yake kamili ya kusimulia maisha yake, *Something Dark*, ilitoka 2004. Hesabu mwenyewe: toka 1985 mpaka 2004 ni miaka 19. Na kitabu cha maisha chenyewe, 2019, ni miaka 34 tangu kile kijitabu. Sikwambii usubiri miaka 34, utazeeka bure. Nakwambia tu kwamba alipofika kwenye stori yake alikuwa ni fundi aliyekamilika, ana wakurugenzi wa kufanya nao kazi, John McGrath wa ukumbi wa maigizo wa Contact ndo aliyeiongoza ile shoo, ana jina, ana watu wanaomjua kwa mengine. Hakuna aliyeweza kumwita "yule yatima" wakaishia hapo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: maumivu yanatengeneza mshairi? Hapana. Wangekuwa wanatengenezwa hivyo, kila nyumba ya watoto Uingereza ingekuwa imejaa washairi. Ila kuna kitu cha kweli kimejificha kwenye huo usemi wa marafiki zako, na Sissay mwenyewe amekieleza mara nyingi. Mtoto aliyekulia kwa mama na baba na shangazi, kumbukumbu zake zinatunzwa na watu wengine. Akisema nilivunjika mkono nikiwa na miaka 6, kuna mtu atadakia hapana ulikuwa na 7, na ulikuwa umepanda mwembe wa mzee fulani. Hata wakigombana juu ya hilo, ugomvi wenyewe ni ushahidi kwamba alikuwepo. Mtoto wa mfumo anahamishwa, wanaomjua wanabadilika kila baada ya miezi, mwisho anabaki na kumbukumbu ambazo hakuna binadamu wa kuzithibitisha. Sissay alianza kuandika mashairi akiwa bado mtoto humo ndani na yale mashairi yakawa ndo albamu yake ya picha, kwamba siku fulani nilihisi hivi, imeandikwa, siwezi kuambiwa sikuwepo. Kwa hiyo uhitaji wa kuandika ndo ulitokana na upweke ule. Kipaji na ufundi ni habari nyingine, vilitokana na kuandika kila siku, tena mpaka leo, ana utaratibu wa kuandika mistari minne alfajiri, mkusanyiko wake umetoka 2023, *Let the Light Pour In*. Wewe pia nahisi uliandika kwa sababu hiyohiyo. Kama daftari la miaka 14 au 15 bado unalo, litunze kuliko pasipoti.

Sasa faili, maana naona hapo ndo panapokunyima usingizi.

Sissay alilifukuzia faili lake kwa karibu miaka 30, akalipata 2015. Wewe una bahati ya kuishi kwenye sheria nyingine. Ukiomba taarifa zako chini ya sheria ya kulinda data ya Uingereza, wanatakiwa wakujibu ndani ya mwezi mmoja, bure, na kama ni kazi ngumu wanaweza kujiongezea miezi miwili lakini lazima wakwambie. Faili la mtoto aliyelelewa na kaunsili England linatakiwa litunzwe mpaka miaka 75 tangu siku aliyozaliwa, kwa hiyo wakikwambia limepotea usikubali kirahisi, waulize kwa maandishi.

Lakini ujue utakachopata. Utapata makaratasi yenye mistari iliyofutwa kwa wino mweusi, maana taarifa za watu wengine wanaziondoa, na wakati mwingine wanafuta mpaka jina la kaka yako. Utakuta lugha ya ofisini. Siku uliyolia kwa sababu mlezi kasahau birthday yako, mtu ameandika "ana tabia ya kudai uangalizi". Utajikuta wewe ni "kesi". Kitu kinachouma kwenye haya mafaili mara nyingi siyo ukatili, ni ule ubaridi, kwamba mtu alikaa na wewe saa nzima mkacheka halafu akaenda kuandika sentensi mbili. Na upande mwingine, jiandae pia kwa mazuri, maana watu huwa hawajiandai kwa mazuri na ndo yanawavunja: unaweza kukuta kuna mtu alikupigania na hukujua. Sissay alikuta mama yake alimwomba arudishwe. Habari kama hiyo inaponya na inakasirisha kwa wakati mmoja, manake sasa unajua ungeweza kuishi maisha mengine.

Ushauri wa vitendo. Usilifungue peke yako, na usilifungue Ijumaa jioni wakati ofisi zote zimefungwa na una wikendi nzima ya kukaa nalo chumbani. Una haki ya mshauri wako wa kaunsili kwa vijana waliotoka malezini mpaka ufike 25, na una 24, kwa hiyo mtumie sasa hivi kabla dirisha halijafungwa, mwambie nataka mtu akae na mimi siku hiyo. Kuna chama cha Care Leavers' Association kimezoea kabisa hii kazi ya kusaidia watu na mafaili. Soma kidogokidogo. Na tafadhali sana, usiandike hata mstari mmoja wa shoo kutoka kwenye faili hiyo wiki ya kwanza. Andika barua za hasira upendavyo, zifungie kabatini.

Na hapa nakosoa kitu kwenye barua yako, usinichukie. Umesema umeomba faili "ili nipate cha kuandika". Faili ni ushahidi, siyo cha kuandika. Sissay alivyolitumia lake kwenye *My Name Is Why* ndo somo la kweli kwa mwandishi, tafuta ukisome kama hujakisoma. Ameweka makaratasi ya kaunsili kama yalivyo, tarehe na lugha yao, halafu yeye pembeni anasema anachokumbuka, na kila sura inafunguliwa na mistari minne ya shairi. Hapigi kelele. Anaziacha ofisi zijieleze zenyewe kwa kalamu zao, na msomaji ndo anapandwa na hasira. Mtu asiye na ufundi angechukua faili lile akalilia kurasa mia tatu na tungelichoka kwenye ya ishirini.

Haya, stejini mtu anapona?

Kuna tukio moja la Sissay ambalo watu hulitumia kusema ndiyo. Aprili 2017, ukumbi wa maigizo wa Royal Court, London. Alikuwa anaidai kaunsili ya Wigan, na kwa ajili ya kesi alifanyiwa tathmini na mwanasaikolojia, ikatoka ripoti ya madhara aliyopata. Yeye akaamua asiisome. Akapanda jukwaani akaketi, na mwigizaji Julie Hesmondhalgh akamsomea ile ripoti mbele ya watu, yeye akiisikia kwa mara ya kwanza pamoja na hadhira. Ndani yake kuna mambo mazito ya kiwewe na ya pombe, mambo ambayo mtu wa kawaida angeyaficha hata kwa daktari wake. Mwaka uliofuata kaunsili ikamalizana naye nje ya mahakama na ikaomba radhi rasmi.

Ukiliangalia kwa haraka utasema mtu kajitoa mhanga, kajianika. Mimi naliona tofauti, naona ni tukio lililopangwa kwa umakini mkubwa. Lilikuwa usiku mmoja tu, halirudiwi. Tathmini ilifanywa na mtaalamu kwanza, ofisini, kabla ya jukwaa. Aliyesoma ni mwigizaji mahiri, siyo yeye. Na mwenyewe alikuwa karibu na miaka 50, ana miaka 30 ya kusimama mbele ya watu. Toa hata kimoja kati ya hivyo na sina hakika ningependa kuwa ukumbini.

Shoo ya kawaida ya mtu mmoja ni kitu kingine, hiyo inarudiwa. Unasimulia usiku ulioondoka nyumbani, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Jumamosi mara mbili. Mwili haujui kwamba hii ni sanaa, ukiuambia kila jioni saa moja na nusu kwamba tunakimbia, utakimbia, moyo utadunda, jasho litatoka, halafu ukishuka huna pa kuupeleka ule mshtuko. Wasanii wenye uzoefu wanajikinga na hili kwa ufundi: mdundo uliopangwa, utani sehemu zinazotakiwa, kujua kwamba sentensi hii naisema nikiwa nimesimama kulia na mkono uko mfukoni. *Something Dark* ina vichekesho vingi, watu huwa hawategemei. Kwa hiyo jibu langu: jukwaa haliponyi kidonda kibichi, linakitonesha. Likikuta kidonda kimeshafunga, linaweza kukupa kitu ambacho daktari hawezi kukupa, mashahidi mia mbili, na kwa mtoto aliyekosa mashahidi hiyo siyo zawadi ndogo. Namna ya kupima ni rahisi kidogo: jaribu kumsimulia mtu mmoja unayemwamini sehemu ngumu kuliko zote. Ukiweza kusimama, ukaenda jikoni, ukala, ukalala usiku huo, uko karibu. Ukikatika siku tatu, bado.

Kuhusu kujiuza, kiukweli inategemea nani ameshika maamuzi. Ukiwa wewe ndo unaamua nini kinabaki nje, hujiuzi. Kila shoo nzuri ya maisha ina mlango uliofungwa, na hadhira haijui hata kama upo. Promota akikwambia "ongeza kidogo ile ya usiku ulioondoka nyumbani, watu wanaipenda", hapo simama.

Na una njia zaidi ya moja, siyo shoo au ukae kimya. Mwaka 2013 hapohapo Leeds, ukumbi wa West Yorkshire Playhouse, Sissay alipandisha *Refugee Boy*, aliigeuza kuwa mchezo kutoka kwenye riwaya ya Benjamin Zephaniah, habari ya mtoto Alem, baba Muethiopia mama Mueritrea, anaachwa Uingereza peke yake na vita ikiwa nyumbani. Fikiria amekaa wapi mle: mtoto wa Kiethiopia, malezi ya kambo, England, yaani ni jirani kabisa na maisha yake, lakini mhusika anaitwa Alem, stori ni ya Zephaniah, na waigizaji ni wengine. Kila alichokijua aliweza kukiweka humo bila kutaja jina lake. Mimi ningekuwa wewe ningeanzia huko, mhusika mwenye jina lingine, dakika 15 tu, uzipeleke kwenye usiku wa majaribio au sehemu za mashairi ya wazi uone zinavyopokelewa. Hasara yake ni kwamba haitakupa ile nguvu ya "huyu ni mimi", na wenye pesa za sanaa siku hizi wanaipenda sana hiyo nguvu, sikufichi. Faida yake ni kwamba ukitaka kuikana kesho, unaweza.

Pesa, kwa kifupi, maana hujauliza lakini najua unawaza. Washairi wengi hawaishi kwa vitabu, wanaishi kwa kufundisha mashuleni, kazi za kuagizwa, redio, kuhukumu mashindano, na miezi mingine hakuna kitu. Arts Council England, baraza la sanaa, wana ruzuku za miradi kupitia pesa za bahati nasibu ya taifa na mtu binafsi anaweza kuomba. Ukuu wa chuo wa Manchester alioupata 2015, alipigiwa kura akawashinda mwanasiasa Peter Mandelson na kondakta wa okestra Mark Elder, na akaushika mpaka 2022, ule ni wa heshima, siyo mshahara wa mwezi. Usiache kazi yako.

Sasa sehemu ambazo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, unahitaji mtu uso kwa uso. Kama makaratasi yako ya ukaazi hayajakaa sawa, au unategemea kuleta ndugu, muone wakili wa uhamiaji kabla hujasimulia chochote hadharani kuhusu ulivyofika, kwa sababu ulichosema stejini kikitofautiana hata tarehe na ulichosema kwenye maombi, kuna mtu anaweza kukitumia. Ndugu walioko Uvira nao wana usalama wao, jina la kijiji tu linaweza kuwaletea shida. Ukitaka kuwataja walezi wako au afisa yeyote kwa jina, au kusema walikufanyia kosa, muone mwanasheria, na kama uliumizwa kweli, mwanasheria huyo umuone kabla ya shoo, siyo baada, kesi kama hizi zina muda wake. Na usingizi: ikizidi wiki mbili hulali, au umeanza kunywa ili ulale, nenda kwa GP, daktari wako wa mtaani, umwambie wazi kwamba unasubiri faili la malezini. Ikifika mahali unawaza kujidhuru, usisubiri miadi, piga 111 uchague huduma ya afya ya akili, au Samaritans 116 123, simu ni bure usiku na mchana, na kama ni hatari ya saa hiyohiyo ni 999.

Toka 2013 Sissay amekuwa akiendesha chakula cha Krismasi kwa vijana waliotoka malezini wenye umri kama wako, kilianzia Manchester na kikasambaa miji mingine. Kiulizie cha karibu yako. Utakaa na watu ambao huhitaji kuwaelezea chochote, na kwa mtu anayetaka kuandika kuhusu maisha hayo, kusikia wengine wakiyacheka kuna faida kuliko warsha yangu yoyote.

Mwisho, umesema unaandika kwa Kiswahili na Kiingereza halafu shoo umeizungumzia kana kwamba itakuwa ya Kiingereza tu. Usikubali hilo kwa haraka. Kuna mambo ya Uvira ambayo yalikutokea kwa Kiswahili na ukiyatafsiri yatakuja yamenyooka mno, na hadhira ya Leeds ina uwezo wa kukaa na lugha wasiyoijua kwa dakika mbili tatu kama wewe unajua unachofanya. Nitumie mawili uliyoandika kwa Kiswahili kabla hujapata faili, yaleyale ya zamani, usiyasafishe, tuone tunafanya nini nayo.